Malkia, jikedume au mama wa shoka?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wa dagaa hapa Kirumba, Mwanza. Mwenyekiti wetu anang'atuka baada ya miaka 18. Ni mjane. Alianza kwa kuanika dagaa wa watu kwa ujira, leo ana mitumbwi 4 na wavuvi pale mwaloni wanamwita 'tajiri'. Tunataka kumuaga kwa fulana 60 na ngao, vyote viandikwe neno moja la heshima. Hapo ndipo tulipokorofishana. Wengine wanataka MALKIA, eti limetokana na malaika. Vijana wanataka JIKEDUME. Mwenzetu mmoja aliyesoma anataka AMAZONI, lakini shemeji yangu anasema hao walikuwa wanawake waliojikata titi moja na ni laana kuwataja. Bibi mmoja Msukuma anasema aitwe NGOLE. Mimi napenda MWANAMKE WA SHOKA ila naambiwa ni maneno ya mitaani. Kila neno lina maana gani na lilitoka wapi? Fundi wa fulana anataka maandishi Ijumaa."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaona mnagombania jambo zito kuliko fulana. Mnamtafutia jina mwanamke aliyevuka kipimo, na kila jina mnalolishika mnakuta limeshavaliwa na mwingine: hili la mke wa mtu, hili la mnyama, hili la hadithi za Wagiriki. Hofu yako naiona. Unaogopa siku moja atokee mjuzi pale mwaloni, asome vifuani mwa watu 60, aangue kicheko na mama yenu yupo. Basi twende neno kwa neno. Sitayapa yote nafasi sawa, maana mengine hayana mengi.

Nianze na malkia na huyo malaika wake. Hawana undugu. Malkia ni Kiarabu, *malika*, kutoka mzizi wa herufi tatu, m-l-k, wenye maana ya kumiliki na kutawala. Ukoo wake ni mkubwa na mnautumia kila siku bila kuutambua: miliki, milki, mamlaka, hata mamluki, ambaye zamani alikuwa askari aliyemilikiwa, yaani mtumwa wa vita, na leo kwetu ni mpiganaji wa kukodiwa. Malaika naye ametoka mzizi mwingine kabisa, wenye maana ya kutuma. Malaika ni mjumbe. Kwa hiyo mmoja anamiliki na mwingine anatumwa, na kwa jinsi ulivyomweleza mwenyekiti wenu, sidhani kama kuna wa kumtuma.

Akina mama Waislamu katika kikundi watakumbuka kwamba mzizi huo umo katika Kurani, Sura ya An-Naml, aya ya 23. Ndege hudihudi anarudi kwa Nabii Suleimani na habari za nchi ya Saba: nimemkuta mwanamke anawatawala. Hapo Kiarabu hakitumii cheo chochote, kinatumia kitenzi cha m-l-k. Hajaitwa malkia, hata jina la Bilkisi halimo. Limekuja na masimulizi ya baadaye. Ametajwa kwa kazi yake tu: anawatawala, na ana kiti kikubwa cha enzi. Nawaomba mwiweke hiyo akilini, nitairudia.

Tatizo la malkia haliko kwenye asili yake. Liko kwenye maana mbili anazozibeba. Malkia anaweza kuwa mwanamke anayetawala mwenyewe, na anaweza kuwa mwanamke aliyeolewa na mfalme basi. Neno halisemi ni yupi. Mfano mnao mbele ya vichanja vyenu. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika upande huu wa Mwanza, akaona maji, akayapa jina la malkia wake, Victoria, ambaye hakuwahi kuyaona hadi anakufa mwaka 1901. Victoria ni Kilatini, maana yake ushindi. Huyo alikuwa malkia wa aina ya kwanza, mtawala. Mumewe Albert hakuitwa mfalme hata siku moja. Angekuwa mwanamke aliyeolewa na mfalme angeitwa malkia siku hiyohiyo ya harusi, lakini mwanamume aliyeoa malkia habebi cheo cha mkewe. Alichopata Albert ni ziwa lake, lile la mpakani mwa Uganda na Kongo, alilopewa na Samuel Baker mwaka 1864. Ni dogo kuliko la mkewe mara nyingi sana. Nimefundisha miaka mingi upande huu na sijapata darasa lisilocheka hapo.

(Ziwa lenyewe lilikuwa na majina kabla ya Speke. Nyanza, kwa lugha nyingi za huku, ni maji makubwa tu. Waganda wanaliita Nalubaale, na hiyo *na-* ya mwanzo ni alama ya mama au mwanamke: mama wa balubaale, wale mizimu wakubwa. Alama hiyohiyo imo katika Namasole, cheo cha mama yake Kabaka, mfalme wa Waganda; mama huyo alikuwa na makao yake, ardhi yake na watumishi wake, mbali na mwanawe. Kwa hiyo kabla halijawa la malkia wa Uingereza, ziwa hili lilikuwa limeshapewa jina la kike na wenyeji wake.)

Malkia si kosa, basi, ila limechuja. Kuna malkia wa urembo, malkia wa taarabu, malkia wa kila kitu. Kuna na malkia wa nyuki, ambaye watu humtaja kama mfano wa mtawala ilhali kwenye mzinga hatawali chochote: anataga mayai, analishwa, na wakianza kumwona amechoka wanalea mwingine. Mtu aliyeanza kwa kuanika dagaa wa wenzake halingani na huyo.

Jikedume nitalisema kwa upole kwa sababu najua vijana wenu wanalitamka kwa mapenzi. Ni maneno mawili yaliyogandishwa, jike na dume, na yote mawili ni ya mifugo na wanyama. Binadamu tunasema mwanamke na mwanamume. Ukiacha hilo la zizini, sikilizeni sifa yenyewe inavyojengwa: huyu mwanamke ni hodari, *kwa hiyo* ana udume ndani yake. Yaani uhodari tumeuhesabu kuwa mali ya wanaume, naye tumemkopesha. Na katika vinywa vingi neno hilo ni la kumsimanga mwanamke kwa sauti yake, mwendo wake au umbo lake. Hamtakuwepo kila mahali kueleza kwamba ninyi mlikusudia jema.

Hili halijaanza kwetu. Walatini walikuwa na *vir*, mwanamume, wakatengeneza *virago*, mwanamke mwenye ushujaa kama wa mwanamume. Lilikuwa neno la sifa. Limo hata katika Biblia ya Kilatini, Mwanzo 2:23, pale Adamu anapompa mkewe jina. Sisi tunasoma "ataitwa mwanamke", wao walisoma *virago*. Waingereza wakalichukua, na baada ya karne kadhaa likawa tusi la mwanamke mgomvi, mwenye mdomo. Sifa ya kukopesha huwa inadaiwa. Na Misri ya kale Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama Farao miaka karibu elfu moja mia tano kabla ya Kristo, alichongwa kwenye mawe akiwa na ndevu za bandia, kwa sababu kiti alichokalia kilizoea ndevu. Sioni kwa nini mama wa Kirumba avishwe ndevu mwaka huu.

Amazoni. Mwambie shemeji yako atulie, hakuna aliyejikata kitu. Wagiriki walikuwa na hadithi za kabila la wanawake wapiganaji, na kama wafanyavyo watu wengi wakikutana na jina geni, walilivunjavunja hadi likatoa maana katika lugha yao: *a-* ni "bila", *mazos* ni "titi". Kisha wakatunga kisa cha kulieleza jina: walijikata ili upinde usikwaruze. Ni asili ya neno iliyobuniwa kijiweni. Wachoraji wa Kigiriki wenyewe hawakuiamini, maana kwenye vyungu vyao wanawake hao wana matiti yao mawili kama kawaida. Nyuma ya hadithi kuna ukweli kiasi: kaskazini mwa Bahari Nyeusi yamefukuliwa makaburi ya watu wa Skithia ambamo wanawake wamezikwa na pinde, mishale na mikuki yao.

Lakini ninachotaka mjue kuhusu amazoni kiko Afrika. Ufalme wa Dahomey, nchi ya Benin ya leo, ulikuwa na kikosi cha wanawake askari waliopigana hadi vita vya mwisho dhidi ya Wafaransa katika miaka ya 1890. Wazungu waliwaita Amazoni, kwa kuwa hilo ndilo neno walilokuja nalo begani. Kwao wenyewe, kwa Kifon, waliitwa *mino*. Maana yake ni "mama zetu". Watu walikuwa na jeshi la wanawake wenye bunduki, na neno walilolitoa ni mama.

Hata kwetu ni hivyo. Yule mwanamke wa Kigiriama aliyewainua watu dhidi ya Waingereza pwani ya Kenya mwaka 1913 alizaliwa Mnyazi wa Menza, na historia inamjua kwa jina la Mekatilili, yaani mama Katilili. Bibi Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926, na alipokuwa akiwakusanya wanawake wa TANU miaka ya 1950 hakuwa hata na miaka 35. Hakuitwa Bibi kwa uzee. *Bibi* ni neno lililovuka bahari kutoka Uajemi na Uhindi likiwa na maana ya mwanamke mwenye heshima, mwenye nyumba. Sisi huku bara ndio tumelibakizia wajukuu.

Sasa ngole, ambalo ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Huyo bibi yenu yuko sahihi kutafuta neno la nyumbani, na ngole ni neno zuri. Kwa Kisukuma, ngole ni mke wa ntemi. Alikuwa na heshima yake na nafasi yake katika makao ya utemi, na hata Kiswahili tukilitafsiri tunasema malkia. Lakini litazameni ndugu zake kuzunguka ziwa. Kiganda, *omugole* ni bibi harusi. Kinyarwanda, *umugore* ni mwanamke, na ni mke. Huku kwetu basi linapanda hadhi na kuwa mke wa mtawala, ila mzizi wake uko kwenye ndoa, haujatoka. Mwenyekiti wenu ni mjane aliyejijenga mwenyewe. Akiitwa ngole, mtu atauliza, tena bila ubaya: ngole wa nani?

(Na mkiingia kwenye lugha za majirani mwende taratibu. Kiganda na Kihaya *omukazi* ni mwanamke. Kiswahili *mkazi* ni mtu anayekaa mahali, kutoka kukaa. Mzizi ule wa kike umebaki kwetu pembeni tu, katika mkazamwana, mke wa mwanao. Nimewahi kumsikia mtu akieleza hadharani kwamba "wakazi wa Mwanza" maana yake asili ni wanawake wa Mwanza. Alipigiwa makofi.)

Cheo chenyewe cha utawala kwa Wasukuma na Wanyamwezi ni ntemi, Kiswahili mtemi. Na mtemi hakina jinsia. Wanaolieleza neno hili wanalipeleka kwenye kitenzi *kutema*, kukata kwa pigo, kama tunavyosema kutema kuni. Wengine wanasema ni yule aliyetangulia kukata pori watu wakapata pa kukaa na kulima. Wengine wanasema ni yule anayekata shauri. Zote mbili ni kazi, na hakuna hata moja inayohitaji ndevu. Unyanyembe, upande wa Tabora, baada ya mtemi Isike kufa katika vita na Wajerumani mwaka 1893, kiti cha utemi kilikuja kukaliwa na mwanamke, Nyaso. Kusini nako, kati ya viongozi wa Wangoni walionyongwa Songea mwaka 1906 katika vita vya Maji Maji, alikuwemo Mkomanile, mwanamke, naye cheo chake ni nduna, yaani kiongozi chini ya chifu, kilekile cha wanaume.

Na hapa karibu, wengi wenu mtakumbuka tarehe 8 Septemba 2021, Kisesa, Rais Samia Suluhu Hassan aliposimikwa na machifu. Hawakumwita malkia, wala hawakumwita ngole. Walimwita Chifu Hangaya, na Hangaya kwa Kisukuma ni nyota inayong'aa. Chifu ni Kiingereza kilichovaa kanzu ya Kiswahili, Rais ni Kiarabu, Ikulu anamokaa ni neno la hukuhuku Usukumani na Unyamwezini, makao ya mtemi, pahali pakubwa. Mambo matatu kutoka lugha tatu, na hakuna hata moja lililobidi libadilishwe kwa kuwa aliyeingia ni mwanamke.

Hapo ndipo panapowachanganya wengi. Tunadhani Kiswahili kimepungukiwa, hakina neno la kike la mtawala, la shujaa, la jemadari, basi tunakimbilia kuazima. Hakijapungukiwa. Ngeli ya M-WA haimwulizi mtu ni mke au mume. Mfalme, mtemi, nduna, shujaa, jasiri, gwiji, tajiri, mwenyekiti: yote haya yanamwenea mwanamke bila kupunguza wala kuongeza mshono. Waarabu lugha yao inawadai waseme malika wakitoka kwa malik. Yetu haitudai. Tukiona neno mfalme tukamfikiria mwanamume, hiyo ni picha iliyomo vichwani mwetu, haimo kwenye neno.

Picha hiyo huwa inaingia hata kwenye tafsiri, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu najua siku ya kuaga mchungaji atasoma Mithali 31. "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona?" Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "mwema" ni *hayil*, lenye maana ya nguvu, uwezo, ushujaa, ni neno linalotumika pia kwa jeshi na kwa mali. Sasa nenda Waamuzi 6:12. Gideoni amejificha akipura ngano kwenye shinikizo la zabibu ili Wamidiani wasimwone. Malaika anamtokea na kumwita kwa maneno ambamo limo hilohilo *hayil*, na Biblia yetu inasema "Ee shujaa". Aliyejificha ni shujaa. Mwanamke wa Mithali, anayeamka kungali usiku, anayetazama shamba na kulinunua, anayefananishwa na merikebu za biashara ziletazo chakula kutoka mbali, ni mwema. Ruthu naye, sura ya 3, aya ya 11, ameambiwa neno hilohilo, na kwetu amekuwa "mwanamke mwema". Siwalaumu wafasiri, wema si kitu kidogo. Ila mkimwomba mchungaji asome pale, mwombeni pia aeleze. Kuna mama mwenye mitumbwi 4 atakayekaa wima zaidi kwenye kiti akisikia.

Tumefika kwa neno lako. Mwanamke wa shoka si lugha ya kihuni. Ni nahau ya Kiswahili cha Tanzania, inasemwa kwa wote, wanaume wa shoka na wanawake wa shoka, na magazeti yameiandika sana. Maana yake ni mtu wa kazi ngumu asiyetetereka. Tofauti yake na jikedume ni hii: jikedume linamsifu kwa kumfananisha na mwanamume, hili linamsifu kwa chombo alichoshika mkononi. Shoka linaweza kushikwa na yeyote.

Na sasa litazame pamoja na mtemi. Mmoja ni mtu wa kutema pori, mwingine ni mtu wa shoka. Sisemi kwamba nahau imezaliwa na cheo, usije ukaandika hivyo kwenye risala ukasema mwalimu ndiye aliyekwambia. Nasema tu kwamba watu wa nchi hii, walipotaka kumtaja mkubwa, walitazama mkono unaokata kikwazo ili wengine wapate njia, kama hudihudi alivyomtaja yule wa Saba kwa kazi yake. Alianza kwa kuanika dagaa wa watu. Leo wavuvi wanakula kwake. Hilo ni pori lililokatwa.

Liko pia "tajiri", ambalo wavuvi wameshampa bila kikao. Kiarabu *tajir* ni mfanyabiashara, na pale mwaloni tajiri ni mwenye chombo na nyavu, mke au mume. Ningelipenda kwa sababu amelipata kazini. Lakini likichapwa kifuani na kwenye ngao ya sebuleni, wakopaji hawatakwisha mlangoni, na maafisa wa kodi wanajua kusoma.

Ukiniuliza mimi, basi, fulana ziwe na shoka, ila kwa mabadiliko ya neno moja. Wengi wenu ni wadogo kwake. Huwezi kumsimamia mtu wa umri wa mama yako ukamwita "mwanamke" mkavumkavu. Kwenye gazeti linapita, ana kwa ana linakwaruza. Andikeni MAMA WA SHOKA. Mtakuwa mmebaki na nahau mkaongeza heshima, na mtakuwa mmesema kama Wadahomey walivyosema. Kwenye ngao wekeni jina lake kamili, cheo chake, Mwenyekiti, na miaka yake 18. Ngao itakaa ukutani muda mrefu kuliko nahau yoyote, na mjukuu atakayeisoma atataka kujua alifanya nini.

Kama bado kuna wanaotaka cheo cha Kisukuma, hilo msilimalize kwenye simu wala kwa barua kwangu. Majina kama mtemi yana wenyewe. Huwa yanatolewa na watu waliopewa mamlaka ya kuyatoa, na kulichapa la utemi kwa fundi wa fulana kunaweza kuwaudhi wazee ambao siku ya sherehe mtawahitaji. Pandeni gari hadi Kisesa, mwingie Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, mwone lile banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti chao, kisha mwulize wazee mkiwa mmekaa nao. Nendeni na huyo bibi wa ngole, yeye ndiye atakayejua kuuliza kwa adabu. Huenda wakampa jina la sifa, kama Hangaya, ambalo si cheo na halimwudhi mtu. Likipatikana, litangazwe kwa mdomo siku hiyo, na fulana zibaki na shoka lake.

Jambo jingine la kufanya ana kwa ana: mtafuteni binti yake mkubwa, au rafiki yake wa zamani, mumwulize kimyakimya kama kuna neno kati ya haya limewahi kumuumiza. Mjane aliyeshindana na wanaume pale mwaloni miaka yote hiyo ameitwa mengi. Inawezekana kabisa hilo jikedume alishalisikia, na si kwa mapenzi.

Na Ijumaa usimwachie fundi karatasi ukaondoka. Mwambie achape fulana moja kwanza, uisome mwenyewe herufi kwa herufi. Wengi huku midomo yetu haitofautishi *sh* na *ch* tukiwa na haraka, na fulana 60 zilizoandikwa MAMA WA CHOKA hazirudishwi.